Linki 1,300 na kompyuta moja ya zamani: jibu kwa bibi shamba wa Makambako

Msomaji mmoja, bibi shamba anayezunguka vijiji vya jirani na Makambako, ameniandikia hivi:

"Habari za kazi, fundi. Nina linki kama 1,300 nilizohifadhi tangu niko chuo. Nyingine ziko Firefox, nyingine Chrome, nyingine nimejitumia mwenyewe WhatsApp. Mkulima akiniuliza dawa ya viazi vilivyopigwa ukungu, najua kabisa nimewahi kusoma ukurasa mzuri, ila kuupata siwezi. Naishia kutafuta upya na bando linakatika. Kijana aliyeniwekea Ubuntu kwenye kompyuta yangu ya zamani anasema kuna programu inaitwa buku, ya kuandika amri kwenye terminali. Inanifaa mimi au ni ya watu wa kompyuta? Na nikianza, nazihamishaje hizi zote?"

Nzuri, dada yangu, na poleni na baridi ya huko. Hapa Mbeya nako asubuhi hizi vidole vinagoma kuandika.

Nianze na swali la mwisho: usizihamishe zote. Nitaeleza kwa nini. Kuhusu la kwanza, ndiyo, inakufaa, tena labda kuliko hao watu wa kompyuta. Wao wakikosa kitu wanakitafuta upya bila kujali. Wewe una mkulima amesimama mbele yako na buti zenye tope, na intaneti unainunua kwa kipimo.

Hilo jina najua limekuchekesha. Si noti ya elfu moja. Ni programu ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2015 na Arun Prakash Jana, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Kazi yake ni moja tu: kutunza anwani za kurasa, na kwa kila anwani kichwa chake, lebo ulizoibandika na maelezo yako mafupi. Vyote vinakaa ndani ya faili moja la kanzidata (ghala la data lililopangwa) ya aina ya SQLite, kwenye kompyuta yako mwenyewe, hapa:

`~/.local/share/buku/bookmarks.db`

Hakuna akaunti ya kufungua wala nywila ya kukumbuka. Kutafuta ndani yake hakuhitaji mtandao hata kidogo. Bando linaliwa unapoongeza linki mpya, kwa kuwa buku inakwenda kusoma kichwa cha ukurasa, na unapoufungua ukurasa wenyewe. Hata ukifika linki elfu na ushee, faili hilo kwa kawaida ni dogo kuliko picha moja ya simu. Kompyuta ya zamani haitalihisi.

Kuiweka kwenye Ubuntu, yaani mfumo unaoendesha kompyuta yako, ni mstari mmoja unaouandika kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

`sudo apt install buku`

Sasa ugonjwa wenyewe. Wewe hukukosa pa kuweka linki, una pa kuweka hata mara tatu. Ulichokosa ni maneno. Ukurasa ule wa viazi umehifadhiwa kwa maneno ya aliyeuandika, pengine kwa Kiingereza, *Management of late blight*. Wewe siku ya shida unautafuta kwa maneno ya mkulima: ukungu, majani yameungua, dawa gani. Maneno hayo hayakutani popote. Folda nazo hazikuokoi, maana siku ile uliuweka kwenye "Viazi", au "Magonjwa", au "Dawa"? Folda inataka uchague moja. Lebo unaweza kubandika tano ukalala usingizi.

Kwa hiyo unapohifadhi linki, andika hivi:

`buku -a 'https://example.org/viazi?id=48&uk=2' viazi,bakajani,ukungu,dawa -c 'Jedwali la vipimo liko chini kabisa. Niliupata kwenye mafunzo Uyole'`

Baada ya `-a` inakuja anwani, kisha lebo zikitenganishwa kwa mkato, kisha `-c` na maelezo yako. Lebo moja inaweza kuwa na maneno mawili, mkato ndio unaoitenga na nyingine. Tazama nilivyochagua: `bakajani` ni neno lako la darasani, `ukungu` ni neno la mkulima, yote mawili yameingia. Na Uyole nimeitia makusudi. Mtu husahau kichwa cha ukurasa lakini hasahau alikuwa wapi alipousoma, na nani alimwonyesha. Siku ukikumbuka "ile ya Uyole" tu, hilo nalo linatosha kuupata, kwa sababu buku inatafuta hadi ndani ya maelezo.

Kuandika huko kunachukua sekunde kumi, na najua ni sekunde kumi zinazouma. Lakini ukihifadhi bila maneno yako umeongeza takataka tu, iwe kwenye Firefox au kwenye buku.

Hapo hapo kuna mtego, na karibu kila anayeanza anaingia. Umeona nimeifunga anwani kwa alama za kunukuu? Bila hizo, terminali ikikutana na ile `&` katikati ya anwani inaielewa kama agizo: fanya kilichotangulia huko nyuma ya pazia, kisha endelea na kinachofuata. Utaona kitu kama `[1] 3127`, halafu chini yake lalamiko kwamba amri `viazi,bakajani,ukungu,dawa` haijulikani. Ukipuuza na kuendelea, linki imeingia ikiwa imekatwa mkia, haina lebo hata moja, na wewe unadhani kazi imekwisha. Zoea tu: anwani daima ndani ya alama moja moja za kunukuu, hata kama haina `&`.

Kutafuta kukoje? Amri ya kawaida ni hii:

`buku -S viazi ukungu`

`-S` kubwa inataka maneno yote yawepo, `-s` ndogo inaridhika na lolote kati yao. Matokeo yanapangwa kwa namba, na chini terminali inakungoja. Andika namba ya tokeo unalotaka, gonga Enter, ukurasa unafunguka kwenye kivinjari. Ukitaka kwa lebo peke yake ni `buku -t viazi`. Ukitaka zenye lebo mbili kwa pamoja, `buku -t viazi + dawa`, na usisahau nafasi kila upande wa alama ya kujumlisha. `buku -t` tupu inakuorodheshea lebo zako zote na idadi ya linki chini ya kila moja. Ipitie mara moja kwa mwezi. Utagundua una `parachichi` 40 na `avokado` 6 zilizoponyoka, uziunganishe:

`buku --replace avokado parachichi`

Sasa nikuonyeshe jambo ambalo miongozo ya Kiingereza haikuambii, kwa sababu kwao halina uzito. Kwa kawaida buku inatafuta neno zima. Ukiandika `ugonjwa` inakuletea penye `ugonjwa`, basi. Linki uliyoandika "magonjwa ya mahindi" haitatokea, na utaapa programu ni mbovu. Kiingereza kinabadilisha neno mkiani na mara nyingi kwa herufi moja. Sisi tunabadilisha kichwani: ugonjwa, magonjwa, kiuatilifu, viuatilifu, kunyunyizia, unyunyiziaji, umenyunyizia. Dawa yake ni `--deep`, inayotafuta hata kipande cha neno. Unaipa shina tu:

`buku --deep -s gonjwa`

`buku --deep -S uatilifu viazi`

`buku --deep -s nyunyiz`

Ya kwanza inakuletea ugonjwa, magonjwa, hata mgonjwa kama yupo. Mimi natumia `--deep` karibu kila mara, hadi nimeifanyia njia ya mkato ndani ya faili la `~/.bashrc`, la mipangilio ambayo terminali inaisoma kila inapofunguka:

`alias tafuta='buku --deep -S'`

Funga terminali, fungua tena, na kuanzia hapo unaandika `tafuta gonjwa viazi`. Kwa mtu anayeogopa amri, naona hii ndiyo amri moja ya kujua kwa moyo. Nyingine uzibandike ukutani.

Nirudi kwenye zile 1,300. Buku ina njia ya kuzivuta zote kwa mkupuo, `buku --ai`, inayoingia yenyewe kwenye Firefox na Chrome. Kwenye Ubuntu kuanzia toleo la 22.04, Firefox inakuja kwa mfumo wa snap na mafaili yake yanakaa ndani ya folda ya `snap`, hivyo pengine buku isiyaone. Njia ya uhakika ni kufungua orodha ya linki ndani ya kivinjari kwa Ctrl+Shift+O (Firefox na Chrome ni hiyo hiyo), uchague kuzitoa kama faili la HTML, halafu:

`buku -i firefox-ya-zamani.html`

Itakuuliza kama majina ya folda yageuzwe lebo, na kama iziwekee zote lebo ya tarehe ya leo. Ukiamua kuingiza, kubali yote mawili. Lebo ya tarehe ndiyo itakayokuwezesha baadaye kuzitenga za zamani na mpya.

Lakini kama ni mimi nipo kwenye kiti chako, nisingeingiza. Ningetoa hayo mafaili mawili ya HTML, nikayaweka kwenye folda inayoitwa `ghala`, na buku ningeianza tupu. Kila ninapohitaji ukurasa wa zamani ningefungua faili la ghala kwenye kivinjari, nikatafuta kwa Ctrl+F, na nikiupata ndipo nauingiza buku kwa lebo na maneno yangu. Linki iliyotakiwa imejithibitisha yenyewe. Baada ya msimu mmoja, tuseme kuanzia kuandaa mashamba hadi mavuno, utakuwa na mia mbili hivi zinazofanya kazi kweli, na zile elfu na zaidi zitalala ghalani bila kumsumbua mtu. Ukizimwaga zote leo, kila ukitafuta `viazi` utaletewa themanini zenye vichwa vya Kiingereza na hakuna hata moja yenye maneno yako. Utakuwa umehama nyumba na panya wako.

Za WhatsApp nazo hivyo hivyo, ila zina mkia. Linki iliyopita kwenye mitandao ya kijamii mara nyingi inabeba nyongeza kama `?fbclid=` au `?utm_source=` na msururu wa herufi. Huo ni ufuatiliaji wa matangazo tu, ukate. Sababu ya kuukata ni kwamba buku haikubali anwani moja kuingia mara mbili, inakuambia tayari ipo kwenye namba fulani. Sasa ile ile ikija na mkia tofauti inaonekana ngeni, na inaingia tena. Ila angalia usikate `?id=48` na mfano wake, hapo utakuwa umekata anwani yenyewe.

Kama mtandao haupo kabisa, uko Wanging'ombe ndani na simu inaonyesha kijiti kimoja, ongeza `--offline` kwenye amri ya `-a`. Buku itahifadhi bila kwenda popote, kichwa uandike mwenyewe kwa `--title`.

Namba zimenitia aibu, kwa hiyo nizieleze. Unapotafuta, kila tokeo lina namba mbili: ya mwanzoni ni ya mpangilio wa matokeo hayo tu, na ile iliyo ndani ya mabano ya mraba baada ya kichwa ndiyo namba ya linki kwenye kanzidata. Kuhariri au kufuta kutoka terminali kunataka hii ya pili:

`buku -w 57` kuhariri kwenye kihariri (kwanza weka `export EDITOR=nano` kwenye `~/.bashrc`)

`buku -u 57 --tag + njombe` kuongeza lebo

`buku -d 57` kufuta

Na hiyo namba ya pili nayo si ya kuandika kwenye daftari. Ukifuta linki namba 57, buku haiachi pengo: inaichukua ya mwisho kabisa na kuihamishia hapo. Mimi sikujua. Nilikuwa na daftari langu zuri, nimeandika "640, mwongozo wa kufungua mashine fulani". Nikafuta linki moja mbovu huko juu, mwongozo wangu ukahamia pale bila mimi kutazama. Kesho yake nikaongeza video ya kwaya, ikapewa 640. Mteja amekaa pembeni, mashine yake iko mezani imefunguliwa nusu, napiga `buku -o 640` kwa madaha, ofisi nzima ikajaa wimbo. Tafuta kwa maneno, dada. Namba ni za dakika hiyo tu.

Amri nyingine ya kukaa nayo mbali ni `buku -u` ikiwa tupu, bila namba. Inapita linki zako zote na kuchukua upya vichwa na maelezo kutoka kwenye tovuti. Kwanza ni bando. Pili, tovuti nyingi zikitengenezwa upya, ukurasa wa zamani unakupeleka mwanzo wa tovuti, na kichwa ulichokuwa nacho kinageuka "Karibu". Maelezo uliyoandika kwa mkono nayo yanaweza kufunikwa. Linki unayoithamini iwekee kinga:

`buku -u 57 --immutable 1`

Hiyo inaiambia buku isiende kuchukua chochote mtandaoni kwa ajili ya linki hiyo wakati wa kusasisha.

Kurasa zenyewe nazo zinakufa. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa hesabu kwamba, kati ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazipatikani tena muongo mmoja baadaye. Zako za tangu chuo zina umri wa kutosha kuguswa na hesabu hiyo. Ukifungua ukakuta hakuna kitu, jaribu `buku --cached 57`. Inakupeleka Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, na mara nyingi nakala ipo. Ila kwa kurasa ambazo mkulima atazitegemea, vipimo vya dawa hasa, usitegemee bahati. Siku una mtandao, gonga Ctrl+P, hifadhi kama PDF, na jina la faili uliandike kwenye `-c`. Linki ikifa, maelezo yako yatakuonyesha nakala ilipo. Na kwa vipimo hivyo hivyo, andika na mwaka ulipousoma ukurasa. Wewe unajua kuliko mimi jinsi viuatilifu vinavyobadilishwa usajili.

Nakala ya akiba ni kunakili lile faili la `bookmarks.db` kwenye flashi kila Ijumaa, na kwa umeme wetu huu usingoje Ijumaa ya pili. Kuna pia `buku -l` ya kulifunga faili kwa nywila na `buku -k` ya kulifungua. Linki za viazi sidhani kama zinahitaji kufuli, na ukisahau nywila hakuna fundi atakayekufungulia, mimi nikiwemo.

Kwenye simu, buku haijihamishi yenyewe. Unachoweza ni kutoa orodha kama faili la HTML, kwa lebo unayotaka:

`buku -e viazi.html --stag viazi`

Faili hilo linafunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote, na unaweza kulirusha kwenye grupu la wenzako wa kata. Kabla hujalirusha lifungue ulisome, kwa sababu maelezo ya `-c` yanatoka nalo. Mimi kwenye linki moja ya vipuri nilikuwa nimejiandikia jina la mteja na deni lake ili nisisahau, nikakumbuka faili likiwa limeshafika kwenye grupu. Deni alilipa siku ile ile. Salamu zetu hadi leo ni za kupungiana mkono kwa mbali pale Kabwe.